Visa ya Schengen Bila Kunyimwa: Mwongozo Kamili wa Kuandaa Faili Lako

Barua ya kunyimwa visa ya Schengen huwa ni fomu yenye visanduku. Wengi huisoma mara moja, hukasirika, hulipa ada upya na kupeleka faili lilelile. Jibu hurudi na alama kwenye kisanduku kilekile.

Kinachowaangusha waombaji wengi ni karatasi zinazopingana zenyewe kwa zenyewe. Barua ya mwajiri inasema likizo ni siku 14, ratiba inaonyesha siku 21. Mshahara ni shilingi milioni moja na nusu, lakini akaunti ina milioni ishirini zilizoingia juzi. Afisa anayeamua hakujui, na huenda asikuone kamwe. Anachokijua ni kilichomo ndani ya faili, na humo anatafuta majibu ya maswali manne: unakwenda kufanya nini, nani analipa, nini kitakurudisha nyumbani, na je, unayoyasema ni kweli. Kila karatasi unayoweka ijibu swali mojawapo. Isiyojibu lolote, iache nyumbani.

Mwongozo huu ni wa visa ya muda mfupi, yaani kukaa hadi siku 90 ndani ya kila kipindi cha siku 180, katika nchi 29 za Ulaya zinazounda eneo la Schengen. Uingereza na Ireland hazimo. Visa za masomo, ajira au kuhamia kwa mwenza zina utaratibu mwingine kabisa.

## Vitu vya kuwa navyo kabla hujaanza

- Pasipoti iliyotolewa ndani ya miaka 10 iliyopita, itakayoendelea kuwa hai angalau miezi 3 baada ya siku ya kuondoka Schengen, yenye kurasa 2 tupu au zaidi. Kama una pasipoti za zamani zenye visa na mihuri, zibebe pia.
- Picha za milimita 35 kwa 45, zilizopigwa ndani ya miezi 6 iliyopita.
- Taarifa ya benki ya miezi 3 hadi 6 iliyopita, yenye muhuri wa benki.
- Ushahidi wa kazi, biashara, masomo au pensheni.
- Oda ya tiketi ya kwenda na kurudi, pamoja na ushahidi wa mahali utakapolala kila usiku.
- Bima ya safari isiyopungua euro 30,000.
- Barua ya mwaliko, kama una mwenyeji.
- Barua yako ya maelezo, ukurasa mmoja.
- Ada: euro 90 kwa mtu mzima, euro 45 kwa mtoto wa miaka 6 hadi asiyetimiza 12. Aliye chini ya miaka 6 halipi. Kituo cha kupokea maombi hutoza gharama yake ya huduma juu ya hapo. Ukinyimwa, ada hairudishwi.

Kila ubalozi una orodha yake ya nyaraka, na zinatofautiana kidogo. Pakua ile ya nchi unayoiomba na ya aina ya safari yako, kwa sababu ya utalii si sawa na ya kumtembelea ndugu. Orodha aliyokutumia rafiki kwenye WhatsApp huenda ni ya mwaka juzi.

## Hatua ya 1: Hakikisha unaomba kwa nchi sahihi

Kanuni ni hii: omba kwa nchi ambayo ndiyo lengo kuu la safari. Kama lengo ni moja kote, mfano utalii, hesabu usiku: nchi utakayolala siku nyingi zaidi ndiyo yako. Zikilingana, omba kwa nchi utakayoingilia.

Mfano: unatua Paris, unalala huko usiku 4, kisha unapanda treni hadi Amsterdam na kulala usiku 6. Ombi lako linakwenda Uholanzi, ingawa unatua Ufaransa. Kuna wanaobuni ratiba ya uongo ili waombe kwa ubalozi unaosifika kuwa "mwepesi". Afisa akiona tiketi ya kwenda Italia na hoteli ya usiku mmoja tu huko, ilhali mwenyeji anaishi Ujerumani, swali la ukweli limeshajibiwa vibaya.

Unaomba katika nchi unayoishi kihalali. Mtanzania mwenye kibali cha ukaazi Oman anaomba Muscat, na Mrundi anayeishi Nairobi kwa kibali anaomba Nairobi. Hakikisha kibali chenyewe hakitakwisha ukiwa safarini, maana afisa atajiuliza utarudi wapi. Kwa raia wa Kongo (DRC) kuna la ziada: hata kubadilisha ndege tu ndani ya uwanja wa Schengen kunahitaji visa ya kupitia uwanjani, isipokuwa kwa wenye vibali fulani, kama vile ukaazi wa Ulaya.

Umefanikiwa kama: unaweza kutaja nchi, lengo na idadi ya usiku kwa sentensi moja bila kusita.

## Hatua ya 2: Panga tarehe, kisha usiziguse tena

Ombi linapokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari, na si chini ya siku 15 kabla. Uamuzi hutolewa ndani ya siku 15 za kalenda, ila faili likihitaji uchunguzi zaidi zinaweza kufika 45. Juu ya hapo kuna foleni ya miadi, ambayo kati ya Mei na Agosti huwa ndefu. Lenga kupeleka faili miezi 2 hadi 3 kabla ya safari.

Chukua karatasi moja tupu. Andika siku ya kuondoka nyumbani, siku ya kuingia Schengen, siku ya kutoka, siku ya kufika nyumbani na siku ya kurudi kazini. Karatasi hii ndiyo mama wa nyaraka zote: mwajiri, mwenyeji, wakala wa tiketi na kampuni ya bima wote wapewe tarehe kutoka hapo. Ukibadilisha tarehe moja baadaye, badilisha nyaraka zote, hata kama itabidi urudi kwa mwajiri kuomba barua nyingine.

Safari fupi huaminika kwa urahisi zaidi. Mtu anayekwenda Ulaya kwa mara ya kwanza na kuomba siku 80 za "utalii" ana kazi kubwa ya kueleza ni mwajiri gani anayempa likizo ya namna hiyo. Siku 8 hadi 15 zinaendana na likizo ya kawaida.

## Hatua ya 3: Jibu swali la kwanza, unakwenda kufanya nini

Utalii. Andika ratiba ya siku kwa siku: tarehe, mji, mahali pa kulala, utakachofanya, utakavyosafiri kwenda mji unaofuata. Mistari miwili kwa siku inatosha. Miji saba kwa siku nane ni ratiba ya kunakili kutoka mtandaoni, na hata bei za treni pekee zitaipinga bajeti yako.

Kumtembelea ndugu au rafiki. Hapa watu wengi wanaanguka kwa kuleta barua ya kawaida aliyoichapa mwenyeji nyumbani. Nchi nyingi zina fomu rasmi. Ufaransa inataka *attestation d'accueil* inayotolewa na ofisi ya meya wa mahali anapoishi mwenyeji. Ujerumani ina *Verpflichtungserklärung*, ahadi ya kubeba gharama anayoisaini mwenyeji mbele ya ofisi ya wageni baada ya kipato chake kukaguliwa. Uholanzi ina fomu yake ya udhamini na malazi. Fomu hizi huchukua muda kupatikana, kwa hiyo mwenyeji aanze mapema.

Pamoja na fomu, ambatisha kopi ya kitambulisho au kibali cha ukaazi cha mwenyeji na ushahidi wa undugu. Kama ni dada yako, vyeti viwili vya kuzaliwa vyenye majina ya wazazi walewale vinamaliza mjadala. Kama ni rafiki, weka picha chache za pamoja na ushahidi kwamba mmewahi kuonana au mmewasiliana kwa muda mrefu. Kurasa arobaini za meseji hakuna atakayezisoma. Tatu za vipindi tofauti zinatosha.

Biashara, mkutano, maonyesho. Mwaliko uwe kwenye karatasi rasmi ya kampuni au taasisi, utaje jina lako kamili na namba ya pasipoti, tarehe, mahali, na nani analipa nini. Mfanyabiashara wa vipuri anayekwenda maonyesho aambatishe tiketi ya kuingilia na, kama ipo, ankara ya manunuzi aliyowahi kufanya kwa kampuni hiyo.

## Hatua ya 4: Jibu swali la pili, nani analipa

Hapa ndipo mafaili mengi hufia, kwa hiyo tusiharakishe.

Kwanza ujue kiasi. Baadhi ya nchi zimetangaza kiwango cha kila siku. Uholanzi hutumia euro 55 kwa siku. Ufaransa ni euro 65 kwa siku kama umeshaweka oda ya hoteli, euro 120 kama hujaweka, na euro 32.50 kama unakaa kwa mwenyeji mwenye ile fomu ya meya. Kwa siku 10 Ufaransa ukiwa na hoteli, kima cha chini ni euro 650, mbali na tiketi ya ndege. Hicho ni kima cha chini. Kuwa nacho kamili bila cha akiba si dalili njema.

Pili, na hili ni zito kuliko kiasi chenyewe: afisa anaangalia hela imeingiaje. Tazama akaunti hii. Kila tarehe 25 unaingia mshahara wa 1,400,000. Kufikia tarehe 10 salio huwa chini ya 200,000. Miezi mitano mfululizo mwendo ni huo. Kisha tarehe 18 Machi zinaingia 12,000,000 taslimu, na tarehe 24 Machi ombi linapelekwa. Kwa afisa, hiyo ni hela ya kuazima iliyoegeshwa ipate kuonekana. Atauliza pia kwa nini mtu atumie zaidi ya mishahara yake minane kwa matembezi ya wiki mbili. Akaunti ya mtu mwingine yenye 5,000,000 zilizokusanyika polepole inamshinda huyu bila ubishi.

Kama hela kubwa imeingia kihalali, ieleze kwa karatasi. Umeuza kiwanja? Weka hati ya mauziano na uonyeshe muamala wa mnunuzi. Umepokea mkopo wa SACCOS, mafao au malipo ya mchezo wa vikoba? Weka barua ya chama. Umelipwa korosho au kahawa kupitia AMCOS (chama cha ushirika cha wakulima)? Weka stakabadhi za msimu. Kwenye taarifa ya benki, zungushia muamala huo kwa kalamu na uandike pembeni namba ya kiambatisho. Afisa ana dakika chache. Usimpe kazi ya kukisia.

Wafanyabiashara wengi wana tatizo la kinyume: hela ipo, lakini haipiti benki. Inazunguka kwenye M-Pesa, Airtel Money, lipa namba na droo ya duka. Chukua taarifa ya miamala ya simu ya miezi 6 na uiweke sambamba na ya benki. Dawa ya kweli ni kuanza, miezi 6 kabla ya kuomba, kupeleka mauzo benki kila wiki. Hakuna njia ya mkato hapa, na anayekuuzia "statement" iliyotengenezwa anakuuzia kunyimwa visa, kwa sababu ubalozi unaweza kuwasiliana na benki moja kwa moja.

Makosa mengine ya mara kwa mara kwenye kipengele hiki:

- Taarifa imechapwa kutoka kwenye programu ya simu bila muhuri wa tawi.
- Inaishia mwezi mmoja au miwili kabla ya ombi. Ichukue ndani ya siku 7 kabla ya miadi.
- Inaonyesha mshahara tofauti na barua ya mwajiri. Kama makato ya mkopo ndiyo sababu, slipu za mshahara za miezi 3 zitaonyesha.
- Mume ndiye anayemlipia mke, lakini faili la mke halina cheti cha ndoa wala barua ya mume ya kukubali gharama.

Umefanikiwa kama: mtu asiyekujua anaweza kuangalia taarifa yako kwa dakika mbili na kusema unapata kiasi gani kwa mwezi, kutoka wapi, na unabaki na kiasi gani.

## Hatua ya 5: Jibu swali la tatu, nini kitakurudisha

Kisanduku cha "mashaka juu ya nia ya kuondoka kabla visa haijaisha" ndicho kinachowaumiza watu zaidi, kwa sababu wanakichukua kama tusi. Kisome kama upungufu wa ushahidi.

Mwajiriwa. Barua ya mwajiri itaje cheo, tarehe ya kuajiriwa, mshahara, tarehe za likizo na tarehe ya kurudi kazini. Isainiwe na mtu mwenye jina, cheo, namba ya simu ya ofisi na barua pepe ya ofisi. Mwambie mtu wa rasilimali watu na yule wa mapokezi kwamba huenda akapigiwa. Simu ikipigwa na mtu akajibu "huyo simjui, labda yuko tawi lingine", barua imekufa. Mtumishi wa umma aongeze kibali cha kusafiri nje ya nchi.

Mfanyabiashara. Cheti cha usajili kutoka BRELA, leseni ya biashara iliyo hai, TIN na uthibitisho wa kulipa kodi kutoka TRA. Kwa Zanzibar ni BPRA na ZRA, kwa Kenya usajili wa biashara na KRA. Ongeza mkataba wa pango la fremu na barua fupi inayomtaja atakayebaki dukani. Hilo la mwisho wengi hulisahau, na ndilo linaloonyesha biashara ni hai na inakungoja.

Mwanafunzi. Barua ya chuo yenye tarehe za muhula unaofuata, pamoja na ushahidi wa ada iliyolipwa.

Mstaafu. Barua ya pensheni kutoka PSSSF au NSSF na miamala yake benki.

Familia inayobaki nyumbani ina uzito: cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, barua ya shule yao. Hati ya nyumba au kiwanja ni nyongeza nzuri, lakini usiifanye nguzo. Nyumba haihitaji uwepo wako ili isimame, kazi inakuhitaji. Waliosafiri nchi nyingine na kurudi kwa wakati, iwe Dubai, Uturuki au Afrika Kusini, waweke kopi za kurasa zenye mihuri ya kuingia na kutoka.

Kijana asiye na ajira, asiye na familia, anayedhaminiwa na rafiki aliyemjua mtandaoni, ana nafasi ndogo. Ni kauli ngumu lakini ni heri kuijua kabla ya kulipa. Aliye katika hali hiyo afanye safari fupi iwezekanavyo, apate fomu rasmi ya mwenyeji, aonyeshe masomo au shughuli aliyonayo, au asubiri mwaka mmoja ajijengee rekodi.

## Hatua ya 6: Barua ya maelezo

Ukurasa mmoja, kwa Kiingereza au lugha ya nchi unayoiomba. Kazi yake ni kuunganisha nyaraka. Yaliyomo yawe kama haya:

*"Mimi ni mmiliki wa duka la vipuri vya pikipiki Mwanza tangu 2017 (kiambatisho 4). Naomba visa ya siku 12, kuanzia 6 hadi 17 Septemba, kumtembelea dada yangu anayeishi Rotterdam (kiambatisho 6 na 7). Gharama za tiketi ninalipa mwenyewe, na malazi yako kwa dada. Tarehe 3 Machi nilipokea shilingi 8,500,000 za mauzo ya kiwanja (kiambatisho 9). Duka litasimamiwa na mke wangu hadi nitakaporudi tarehe 18 Septemba."*

Hakuna kulia shida, hakuna kumsifu balozi, hakuna maelezo ya ndoto za utotoni. Kama umewahi kunyimwa, sema lini na nini kimebadilika. Rekodi za maombi hukaa kwenye VIS, mfumo wa pamoja wa taarifa za visa, kwa miaka 5, na nchi zote za Schengen zinauona.

## Hatua ya 7: Tiketi, malazi na bima

Usinunue tiketi kamili kabla ya visa, isipokuwa ubalozi umekutaka hivyo. Kinachotakiwa kwa kawaida ni oda yenye namba ya kumbukumbu inayoonekana kwenye mfumo wa shirika la ndege. Uliza wakala oda itadumu siku ngapi. Nyingine hufutika baada ya saa 48, na afisa akiangalia siku ya tano hakuti kitu.

Hoteli iwe ya kughairi bila gharama, lakini usighairi kabla ya jibu. Hoteli hupigiwa simu. Idadi ya watu kwenye oda ilingane na idadi ya waombaji, na kila usiku uwe na paa: usiku mmoja uliokosa malazi kati ya Paris na Brussels ni pengo linaloonekana.

Bima lazima itaje mambo matatu: kiwango kisichopungua euro 30,000, nchi zote za Schengen, na gharama za matibabu ya dharura, kulazwa na kurudishwa nyumbani, pamoja na kusafirisha mwili endapo mauti yatatokea. Tarehe zake zifunike siku ya kuingia hadi ya kutoka. Ongeza siku kadhaa mwishoni kwa ajili ya ndege kuchelewa. Tofauti ya bei ni ndogo. Bima ya Afrika Mashariki au ya "dunia nzima isipokuwa Ulaya" haifai, na watu huilipia bila kusoma.

## Hatua ya 8: Fomu, majina na ukaguzi wa mwisho

Jaza fomu ukiwa na pasipoti mkononi, herufi kwa herufi. Jina ni mtego mkubwa kwetu. Pasipoti inasema Mohammed, kitambulisho cha NIDA kinasema Mohamed, barua ya mwajiri ina majina mawili tu, cheti cha ndoa kina jina la babu. Barua zinazoweza kurekebishwa zirekebishwe zifuate pasipoti. Zisizoweza, pata hati ya kiapo kwa wakili inayosema majina hayo ni ya mtu mmoja.

Nyaraka zilizo kwa Kiswahili pekee zitafsiriwe na mtafsiri anayekubalika na ubalozi, na uweke asili pamoja na tafsiri.

Mtoto asiyesafiri na wazazi wote wawili anahitaji barua ya ridhaa ya mzazi anayebaki, iliyoshuhudiwa na wakili, pamoja na kopi ya kitambulisho cha mzazi huyo na cheti cha kuzaliwa. Mzazi akiwa amefariki, cheti cha kifo.

Sasa tandaza nyaraka zote mezani na upitie mistari mitano tu, mmoja baada ya mwingine: jina, tarehe, anwani ya malazi, mshahara au kipato, na anayelipa. Kwa kila mstari pitia karatasi zote kabla hujaenda mstari unaofuata. Ukisoma karatasi moja hadi mwisho, kosa litakupita. Ukifuata tarehe peke yake kutoka karatasi hadi karatasi, siku 14 na siku 21 zitagongana machoni pako.

Panga faili kwa mpangilio wa orodha ya ubalozi, ukiwa na asili na kopi.

## Hatua ya 9: Siku ya miadi

Fika mapema kwa dakika 15. Alama za vidole huchukuliwa. Kama ulizitoa ndani ya miezi 59 iliyopita zinaweza kutumika tena, na watoto chini ya miaka 12 hawatoi. Mikono iliyopakwa hina au piko vidoleni, au iliyochubuka, inaweza kuleta shida kwenye mashine, kwa hiyo bibi harusi anayetarajia kwenda fungate aombe kabla ya shughuli.

Mfanyakazi wa kituo hupokea tu, haamui. Huduma ya chumba maalumu unayouziwa pale ni ya starehe na haiongezi nafasi. Kishoka wa nje anayesema "ana mtu ndani" anataka hela yako. Karatasi moja ya kughushi aliyokuwekea inatosha kuangusha faili zima, na jina litakalobaki kwenye mfumo ni lako.

Ukipigiwa simu na ubalozi, jibu kwa ufupi na kwa ukweli. Maswali huwa ya kawaida: mwenyeji anafanya kazi gani, mlionana lini mara ya mwisho, utalala wapi siku ya kwanza. Kama faili uliliandaa mwenyewe, majibu unayo.

## Hatua ya 10: Ukishapata jibu

Umepewa. Kagua stika papo hapo: tahajia ya jina, namba ya pasipoti, tarehe za kuanza na kuisha, idadi ya kuingia (01, 02 au MULT, yaani mara nyingi) na idadi ya siku za kukaa. Idadi ya siku ndiyo inayokubana. Visa inaweza kuwa hai kwa siku 27 lakini siku za kukaa zikawa 12. Ukikaa 13 umevunja masharti. Tangu 12 Oktoba 2025 mfumo wa EES umeanza kusajili kielektroniki kuingia na kutoka mipakani, hivyo siku za ziada zinajihesabu zenyewe. Siku ya safari beba kopi za nyaraka zote, kwani mlinzi wa mpaka ana haki ya kuziuliza upya.

Umenyimwa. Usiombe tena wiki hiyohiyo, wala usikimbilie ubalozi mwingine na faili lilelile. Soma kisanduku kilichowekewa alama, kisha rudi kwenye hatua inayokihusu:

- Madhumuni na mazingira ya safari hayakuthibitishwa, au taarifa juu yake haziaminiki: hatua ya 3, 6 na 7.
- Hakuna ushahidi wa fedha za kutosha: hatua ya 4.
- Mashaka juu ya nia ya kuondoka: hatua ya 5, mara nyingi pamoja na ya 2.
- Mashaka juu ya uhalisia wa nyaraka: tafuta ni ipi haikuthibitika. Labda benki haikujibu, labda simu ya mwajiri haikupokelewa.
- Bima: hatua ya 7, na hili ndilo rahisi kuliko yote.

Una haki ya kukata rufaa, na muda wake umeandikwa kwenye barua yenyewe. Kwa Ufaransa ni siku 30, kwa Uholanzi wiki 4. Rufaa inafaa pale ambapo nyaraka zilikuwepo na afisa hakuzizingatia. Kama nyaraka hazikuwepo, ombi jipya lenye ushahidi mpya lina maana zaidi kuliko rufaa ya kubishana. Sheria haiweki muda wa kusubiri kati ya maombi mawili, ila tatizo la fedha linahitaji miezi 3 hadi 6 ya akaunti safi kabla ya kurudi, na tatizo la bima linahitaji siku moja. Kwenye ombi jipya weka kopi ya barua ya kukataliwa juu ya faili, na katika barua ya maelezo andika aya moja: kisanduku kilikuwa kipi, na sasa jibu lake liko kiambatisho namba ngapi.